Lukemia ya paka: kirusi hakina dawa, lakini paka anazo

Kipimo chenyewe ni kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani. Daktari wa mifugo alikitia matone matatu ya damu yaliyochanganywa na dawa yake ya maji, akakilaza mezani, tukasubiri dakika kumi. Doa la kwanza kwenye kijidirisha ni la kuthibitisha kuwa kipimo ni kizima. Doa la pili, ambalo sikulitaka, lilikuja mapema, buluu iliyokoza kama wino. Shombo mwenyewe, dume langu la paka lililookotwa kwenye diko la Malindi, Unguja, likiwa kitoto kinachonuka samaki, alikuwa ameshajikunja ndani ya kikapu chake cha ukili na hana habari.

Nyumbani nikalirudia neno la daktari, lukemia, na kila mtu akalisikia kwa sikio lake. Jirani akasema hiyo ni saratani ya damu, basi paka hana siku. Mdogo wangu akasema, si ndiyo ule ukimwi wa paka? Bimkubwa, ambaye humwita Shombo mjukuu wake wa nne, akauliza moja tu: "Mwanangu, inapanda kwa watoto?"

Jirani alikosea, mdogo wangu alikosea nusu, na Bimkubwa ndiye aliyeuliza la maana. Nianze na yeye.

Haipandi kwa watoto wala kwa wakubwa. Kirusi cha lukemia ya paka, ambacho kwenye vyeti vya maabara huandikwa FeLV, ni cha paka na jamaa zake wa porini. Kiligunduliwa mwaka 1964 huko Glasgow, Scotland, na William Jarrett na wenzake, baada ya kuonekana paka kadhaa wa nyumba moja wakiugua saratani ya aina moja, jambo lililotia shaka kwamba kuna kitu wanachoambukizana. Tangu hapo madaktari wa mifugo na wenye paka wameng'atwa, wameparwa na kulambwa na paka wenye kirusi hiki, na haijathibitika kuwa kimemuuguza mtu hata mmoja. Kinachoweza kumpanda mtoto ni vingine: choa, viroboto, minyoo. Na mjamzito asisafishe choo cha paka, awe na lukemia au hana, kwa sababu kuna kijidudu kingine kabisa kinachopita kwenye kinyesi na kudhuru mimba. Mikono ioshwe kwa sabuni.

Mdogo wangu alipatia nusu kwa sababu FeLV na virusi vya ukimwi ni wa ukoo mmoja. Vyote hujiandika ndani ya vinasaba vya seli vinazoziingia, na ndiyo maana ni vigumu kuving'oa. Lakini kinachoitwa ukimwi wa paka ni kirusi kingine, FIV, kilichogunduliwa California mwaka 1986. Viwili hivi hupimwa kwenye kidude kimoja, kwa hiyo watu huvichanganya, na hapo ndipo ushauri unapoharibika, maana haviambukizwi kwa njia moja. FIV hupita zaidi kwenye majeraha ya meno. Mashume wawili wanaorukiana juu ya bati usiku wa manane wanapeana hicho. FeLV inaweza kupita kwenye jeraha pia, lakini njia yake kubwa ni mate ya kila siku: paka wanaolambana masikio barazani, wanaokula sinia moja, wanaolala kichwa juu ya mgongo. Mama humpa mtoto tumboni au kwenye maziwa. Sasa fikiria vichochoro vya Mji Mkongwe, mama paka wawili wananyonyesha pamoja ndani ya boksi moja chini ya ngazi, na jioni mtu mwema anawamwagia wote vichwa vya samaki mahali pamoja. Mwenye kirusi mmoja anatosha.

Jambo moja jema ni kwamba nje ya mwili kirusi hiki ni dhaifu. Mate yakikauka hakichukui saa nyingi kufa, na sabuni ya kawaida inakimaliza. Hakuna haja ya kuchoma godoro wala kupaka nyumba chokaa, kama alivyopendekeza mtu mmoja mtaani kwetu.

Na jirani, aliyesema saratani? Jina ndilo lililompoteza. Lukemia kweli ni saratani ya damu, na kirusi hiki kweli huweza kuileta, pamoja na saratani ya tezi ambayo kwa paka huonekana zaidi kuliko ile ya damu yenyewe. Lakini paka wengi wenye FeLV huangushwa na mambo mengine kabla ya saratani kufika. Aliyewahi kugonga mfupa wa supu kwenye sahani ili atoe uboho anajua mahali penyewe: mle ndani ya mfupa ndimo damu inamotengenezwa, chembe nyekundu za kubeba hewa na chembe nyeupe za kupigana na maradhi. Kirusi kinapokaa kwenye uboho, kazi hiyo inalegea. Nyekundu zikipungua, paka anapauka, anachoka, anahema. Nyeupe zikipungua au zikizembea, mafua ambayo paka mwingine angeyamaliza kwa siku tano yanamkalia mwezi mzima, fizi zinaoza, harisho haliishi, kidonda cha kuparwa kinageuka jipu.

Kuwa na kirusi, basi, ni jambo moja, kuumwa ni la pili na kufa ni la tatu, na baina yao inaweza kupita miezi au miaka. Hapo ndipo mwenye paka ana kazi.

Doa moja halitoshi

Paka akikutana na FeLV, yanaweza kutokea mambo matatu. Wapo wanaokishinda moja kwa moja, hasa paka wakubwa wenye afya, na kipimo kitatoka safi. Wapo wanaokibana: kirusi kinabaki kimejiandika kwenye uboho lakini hakitoki kwenye damu wala mate, paka anaishi maisha yake na hamwambukizi mwenzake, ingawa kinga ikishuka sana, au akipewa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, kwa muda mrefu, kinaweza kuamka. Na wapo wanaoshindwa, ambao kirusi huzunguka kwenye damu yao siku zote. Hao ndio wanaougua na ndio wanaoambukiza, na wengi wao hufariki ndani ya miaka mitatu hivi tangu kugundulika. Watoto wa wiki chache ndio huangukia kundi hili kwa urahisi. Shombo aliokotwa akiwa na macho hayajafunguka vizuri, kwa hiyo sina haja ya kuuliza alipatia wapi.

Kipimo cha haraka hutafuta protini ya kirusi chenyewe kwenye damu. Kinaweza kumnasa paka aliye katikati ya vita, ambaye wiki chache baadaye atakuwa amekibana. Kinaweza pia kukosea, na hesabu yake ni nyepesi: ukipima paka mia wanaoonekana wazima, na karibu wote kweli hawana kirusi, basi makosa mawili matatu ya kipimo yanaweza kulingana na wagonjwa wa kweli uliowapata. Ndiyo maana paka anayeonekana mzima akitoka na doa hahukumiwi siku hiyo. Hutengwa, hulishwa, hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane, na ikiwezekana damu hupelekwa maabara kwa kipimo cha aina nyingine. Damu ya Shombo ilipelekwa bara, ikarudi na jibu lile lile. Nimesikia watu walioambiwa wamlaze paka wao usingizi wa moja kwa moja kwa sababu ya doa moja, paka anakula na kuruka ukuta. Ushauri huo siukubali.

Kikapu, mizani na fizi

Hakuna dawa inayokitoa kirusi hiki mwilini. Zidovudini, dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa ajili ya VVU mwaka 1987, imejaribiwa kwa paka. Kwa FeLV faida yake ni ndogo na yenyewe inaweza kuzidisha upungufu wa damu. Ipo pia intaferoni ya paka, dawa ya sindano ambayo imewapa nafuu baadhi yao. Ni mambo ya kujadiliana na daktari. Kilicho haramu kabisa, kwa maneno yangu mimi, ni kuomba vidonge vya ARV kwa mtu anayevitumia na kumkatia paka nusu.

Kinachobaki ni matibabu ya kumshikilia: kumzuia asipatwe na maradhi mengine, na yakimpata kuyakamata siku ya kwanza badala ya ya kumi. Daktari humwona mara mbili kwa mwaka, au mara nne. Wewe unamwona kila asubuhi. Paka naye ni mnyama wa kuficha. Atakaa kwenye kiti chake kile kile, macho nusu, na utasema amepumzika, kumbe ana homa.

Kwa hiyo nyumbani tuna daftari la skuli, na mizani ya kielektroniki ya kuning'iniza, ya aina wanayotumia wauza pweza. Kila Ijumaa asubuhi Shombo anaingia kikapuni, kikapu kinaning'inizwa, namba inaandikwa, uzito wa kikapu unatolewa. Mara ya kwanza aliruka na mizani ikaanguka. Sasa anaingia mwenyewe kwa sababu baada ya kupimwa kuna kipande cha jodari. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 200 huwezi kuona kwa jicho, manyoya yanaficha, lakini hiyo ni sehemu 5 kati ya 100 za mwili wake, sawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo tatu na nusu bila kukusudia. Mtu huyo angeulizwa.

Baada ya mizani, fizi. Unainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, taratibu, upande mmoja. Rangi inayotakiwa ni ya waridi. Ikielekea kwenye asumini, damu imepungua. Ukibonyeza kidogo na kuachia, weupe unatakiwa urudi waridi ndani ya sekunde mbili. Paka mwenye fizi nyeusi kwa maumbile mwangalie ndani ya kope la chini. Nusa pia. Mdomo unaonuka uozo, udenda unaochuruzika, paka anayekimbilia chakula kisha akakiacha baada ya tonge moja huku akijipapasa mdomo kwa mguu: hizo ni fizi zilizovimba, na maumivu yake ni makali. Mwisho hesabu pumzi akiwa amelala usingizi. Zikizidi 30 kwa dakika, hesabu tena. Zikiendelea kuzidi, usisubiri Jumatatu.

Kuna alama nyingine ambayo hata mtoto wa miaka sita wa hapa nyumbani anaijua, nayo ni koti. Paka mzima hujilamba. Akiacha, manyoya ya mgongoni hugawanyika vishungi kama ya mbuzi aliyenyeshewa. Siku koti la Shombo lilipogawanyika hivyo, homa ilifuata kesho yake.

Chakula cha diko

Hapa Unguja na Pemba paka wengi wanaishi kwa samaki na wali, na chakula cha paka cha dukani ni ghali kwa nyumba nyingi. Kikipatikana, ni bora, kwa sababu kimekamilika. Kisipopatikana, yapo ya kuangalia. Wali unamjaza tumbo tu. Paka ni mla nyama. Samaki mbichi kwa paka mwenye kinga dhaifu ni mlango wa vijidudu, na dagaa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, ambacho moto unakiua. Basi wachemshe, na usimwage maji yake, kwa sababu taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kuishi bila kukipata kwenye chakula, hutoka ikaingia kwenye mchuzi. Mpe na mchuzi. Jodari mtupu kila siku nao si mzuri, mafuta yake mengi yanakula vitamini E ya paka. Changanya: moyo na firigisi za kuku, ini kidogo mara moja kwa wiki, yai lililochemshwa, dagaa. Bila chumvi, bila kitunguu maji na bila kitunguu thomu. Vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, na huyu wako hana za kupoteza. Kwa hiyo mchuzi uliobaki kwenye sufuria yenu, hata kama ni wa samaki, si wake.

Paka anayeumwa hula kwa pua. Akiwa na mafua, pua imeziba, chakula kwake hakipo hata kikiwa mbele yake. Futa pua kwa pamba na maji ya vuguvugu, pasha chakula kifikie joto la mwili, mpe mbali na vyombo vya wenzake. Akikataa siku nzima, piga simu kwa daktari. Akikataa siku mbili tatu, hasa paka mnene, mafuta hukimbilia kwenye ini na hayo huwa maradhi mapya yenye kuua. Zipo dawa za kumrudishia hamu, mirtazapini ni mojawapo, kwa kipimo cha paka na si cha mtu. Kumlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano kunawezekana, pembeni ya mdomo, kidogo kidogo, lakini paka anayedondosha mate na kugeuza uso ana kichefuchefu. Ukimlazimisha atakichukia chakula hicho hata akipona.

Ini lisilojua karafuu

Shombo alipopata vidonda vya fizi, mtu wa kwanza kutoa dawa alikuwa shangazi yangu wa Wete, kwa simu. "Mpake mafuta ya karafuu, mwanangu, yanatia ganzi." Na kweli, kwa jino la mtu yanafanya kazi, kizazi hadi kizazi tumetafuna karafuu, na Pemba kuna kiwanda kizima cha kukamua mafuta ya makonyo. Ningempaka. Nilimuuliza daktari kwanza kwa bahati tu, kwa sababu nilikuwa pale kwa jambo jingine.

Ini la mtu na la mbwa lina njia ya kuzifunga kemikali fulani na sukari maalumu ili zitoke kwenye mkojo. Paka amezaliwa na njia hiyo ikiwa dhaifu mno. Wazee wake walikula nyama tupu, hawakuhitaji kusafisha sumu za majani. Dawa kali iliyomo kwenye mafuta ya karafuu inategemea njia hiyo. Ikipakwa kwenye fizi, paka anaimeza. Ikipakwa mgongoni, anailamba. Inakaa mwilini na kulila ini lenyewe. Vivyo hivyo mafuta ya mkaratusi na mengi ya kupaka kifuani wakati wa mafua.

Na kwa sababu hiyo hiyo, Panadol. Sina namna ya kulisema hili kwa upole: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka. Parasetamoli isipotolewa hugeuza damu yake ikawa ya kahawia, isiyobeba hewa. Fizi zinakuwa na rangi ya chokoleti, uso na miguu inavimba. Paka mwenye lukemia anaanza safari hiyo akiwa na damu pungufu tayari. Anayempa ni mtu anayempenda, ameona ana homa, akafanya kama anavyomfanyia mtoto. Asprini na ibuprofeni pia ziache.

Shangazi nilimpigia nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi yule paka wa marehemu bibi yako…" na hakumaliza.

Kwenye orodha hiyo ongeza dawa ya kuogeshea ng'ombe na unga wa viroboto wa mbwa. Zenye permethrini huleta degedege kwa paka. Viroboto lazima waondolewe, ila kwa dawa iliyoandikwa paka.

Anachotoa daktari

Mengi yake ni ya kawaida, na ndiyo uzuri wake. Dawa ya minyoo kwa ratiba. Antibayotiki mapema, na kwa muda mrefu kuliko paka mwingine, kwa sababu chembe nyeupe hazisaidii kazi. Kusafisha meno, na wakati mwingine kung'oa yaliyooza, kwa nusu kaputi.

Paka akipauka, swali la kwanza ni kwa nini. Kuna kijidudu kinachopandia chembe nyekundu na kuziharibu, kinachodhaniwa kuenezwa na viroboto, na kwa paka wa FeLV hupata nafasi. Hiki kinatibika kwa doksisaiklini. Kidonge chake, hata hivyo, kisimezwe kikavu: kikikwama kwenye koo la chakula kinaliunguza na kuacha kovu linaloziba njia. Baada ya kidonge mpe maji mililita 5 au 6 kwa bomba, au chakula papo hapo. Ikiwa ni uboho wenyewe uliochoka, habari ni ngumu zaidi. Kuongezewa damu humnyanyua paka kwa siku au wiki, lakini paka nao wana makundi ya damu, na wa kundi B akipewa ya kundi A anaweza kufa hapo hapo, kwa hiyo si jambo la kumshika paka yeyote wa barazani. Vile vidonge vya madini ya chuma vya wajawazito havisaidii, maana mara nyingi chuma hakikupungua, na kuvizidisha ni sumu.

Steroidi humfanya paka achangamke na kula, na kwenye saratani ya tezi au fizi zilizovimba sana zina nafasi yake. Zinashusha kinga pia. Ni dawa ya kumuuliza daktari "kwa nini" na "mpaka lini".

Kuhusu maji ya kutiwa chini ya ngozi, nilikuwa na khofu nayo kuliko yote, na sasa nayafanya mwenyewe. Joto la kaskazi likishika, paka mgonjwa hukauka upesi. Ukiivuta ngozi ya mabegani na kuiachia ikachelewa kurudi, maji yamepungua. Mfuko wa maji ya chumvichumvi yaitwayo Ringer, si wa glukosi, unapashwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, unatundikwa kwenye msumari wa saa ya ukutani. Shombo anakaa juu ya mkeka baina ya magoti yangu, uso kwa mlango. Ngozi ya baina ya mabega unaiinua juu mpaka ifanye umbo la kawa, na sindano inaingia chini ya kawa hiyo, kwa ubavu wake. Unasikia kama kitambaa kilichotoboka, kisha hakuna kitu. Dakika tano, nane. Analamba jodari, mimi natazama mstari kwenye mfuko usivuke alama aliyoitia daktari kwa kalamu, kwa sababu kuzidisha kuna hatari kwa moyo, na kwa paka aliyepauka sana hatari ni kubwa zaidi. Ukimaliza kuna uvimbe mgongoni wa ukubwa wa limau. Magharibi utaukuta umeteremka kwenye mguu wa mbele, usiku haupo.

Kumfungia ndani

Hili ndilo gumu kwa Mzanzibari. Paka kwetu hana mwenyewe kamili. Ni wa nyumba, wa mtaa na wa msikiti. Tunajua Mtume alisema kuwa paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia. Na tunajua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka. Nilipoweka wavu wa kuku kwenye madirisha ya roshani, mzee mmoja wa mtaani alisimama chini akanikumbusha hadithi hiyo kwa sauti ya kusikika na wote.

Nilishuka nikamwambia, mzee wangu, shikamoo, hadithi inaendelea: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Huyu wangu analishwa, anatibiwa. Nje anapeana mate na vitoto vyote vya kichochoro, na anarudi na mafua yao. Alifikiri, akaniuliza kama kweli hutafuna jodari. Hatukumaliza pale, lakini hajalirudia.

Ndani anahitaji mahali pa juu pa kupanda, dirisha la kutazama kunguru, na mtu wa kucheza naye. Kuhasi kunapunguza kiu ya kutoka. Shume asiyehasiwa atatafuna wavu. Jike mwenye FeLV afungwe kizazi, kwa sababu mimba nyingi huharibika na vitoto vinavyozaliwa hunyauka. Paka wengine wa nyumba hiyo wapimwe wote. Walio safi watengwe na wachanjwe pale chanjo inapopatikana. Ipo duniani tangu mwaka 1985, haikingi kamili, na kwa aliyekwisha kuambukizwa haifanyi lolote. Chanjo ya kichaa cha mbwa na ya mafua mgonjwa huyu bado anazihitaji.

Siku moja daftari litaanza kusema vingine. Daktari ameshaniambia nitazame nini: kilo zinazoshuka wiki tatu mfululizo, kujificha chini ya kitanda, kutojilamba, kuhema akiwa amelala. Kimoja kinatibiwa. Vyote pamoja, tumekubaliana, atanipa jibu la kweli nikimuuliza, na Bimkubwa ameomba awepo. Ijumaa iliyopita alikuwa kilo 3 na gramu 850, na baada ya kupimwa alikataa kutoka kikapuni.